Sura ya Sita: Kitabu Kikiwa Bure, Nani Amelipa?

Kila yanapotajwa mambo ya vitabu vya chuo kikuu visivyouzwa, swali huwa lile lile. Mzazi huliuliza, mhadhiri huliuliza, na mwenye duka la vitabu huliuliza kwa sauti ya juu zaidi: kitabu kikiwa bure, mwandishi atakula nini? Mwanafunzi naye ana lake, ndugu wa hilo: kitu cha bure kitakuwa kizuri kweli?

Ni maswali ya haki. Kitabu kina gharama hata kabla hakijapigwa chapa. Kuna miezi ya kukiandika, kuna mhariri, kuna mchoraji wa vielelezo na mpangaji wa kurasa, na wote hao wana watoto wa kulisha. Anayesema kitabu hutokea bila fedha hajawahi kukitengeneza. Sura hii basi haitadai kwamba vitabu havina gharama. Itadai kwamba gharama ya kitabu inaweza kulipwa mara moja, mwanzoni, na mtu au taasisi inayotaka kisomwe, badala ya kudaiwa upya kwa kila anayekifungua. Pwani yetu imelijua jambo hili zamani, na kwa kulieleza nitaanzia Siyu.

Mji wa wanakili

Siyu iko katika kisiwa cha Pate, kaskazini mashariki ya Lamu, mwisho wa mkono wa bahari uliozingirwa na mikoko. Chombo huufikia mji maji yakijaa. Yakitoka, abiria hushukia Mtangawanda na kumalizia safari nchi kavu. Mgeni wa leo huonyeshwa ngome iliyouelekea mkono huo wa bahari. Huhadithiwa habari za Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na watu wake waliokataa kuwekwa chini ya Zanzibar, na jinsi mji ulivyosalimu amri kwa Sayyid Majid, sultani wa Zanzibar, mwaka 1863. Mara chache huambiwa kwamba katika karne ya 18 na ya 19 Siyu ilikuwa pia mji wa vitabu.

Misahafu iliyoandikwa Siyu ilijulikana pwani nzima. Iliandikwa kwa mkono na kupambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, huku kurasa za kufungulia na za kufungia zikijazwa nakshi hadi pembeni. Karatasi ililetwa kwa jahazi kutoka ng'ambo, nyingi ikiwa imetengenezwa Ulaya. Jalada lilikuwa la ngozi, na kwa kazi ya ngozi mafundi wa Siyu hawakuhitaji kujifunza kwa mtu. Baadhi ya misahafu hiyo ingalipo: iko Lamu, iko London, na mmoja umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Fowler la Chuo Kikuu cha California, Los Angeles.

Hebu tufikirie gharama yake. Msahafu mzima una juzuu 30 na sura 114, na mnakili haruhusiwi kukosea hata irabu. Ni kazi ya muda mrefu kwa mtu mwenye elimu, mkono thabiti na macho mazima. Muda wote huo anakula, anavaa, ananunua karatasi na wino, na baada yake yuko mfunga jalada anayesubiri ujira wake. Kitabu cha namna hiyo kilikuwa mali ya thamani kubwa, na mvuvi wa Siyu au mkulima wa mashamba ya kisiwani asingeweza kukinunua. Hata hivyo watoto wao walisoma.

Walisoma kwa sababu ya wakfu. Katika sheria ya Kiislamu, wakfu ni mali ambayo mwenyewe ameitoa katika miliki yake kwa ajili ya Mungu ili watu wafaidike nayo. Tangu siku hiyo haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Wengi wetu tunaujua wakfu wa msikiti, wa kisima na wa shamba la minazi ambalo mavuno yake huendeshea madrasa. Vitabu navyo viliwekwa wakfu. Tajiri, au mjane aliyetaka kumkumbuka mumewe, alimlipa mnakili, kitabu kikakamilika, kisha ikaandikwa ndani yake kwamba ni wakfu, wakati mwingine kwa kutaja msikiti au watu waliokusudiwa. Mnakili alikwishakula, mfunga jalada alikwishalipwa, na msomaji alikuta mlango uko wazi.

Msikiti wa Riyadha mjini Lamu, aliouanzisha Habib Swaleh mwanzoni mwa karne ya 20, ni ushahidi wa wazi. Katika hati za mkono zilizohifadhiwa hapo, nyingi zina maandishi ya wakfu. Ni hati za fiqhi, za nahau, za tasawufu na za masomo mengine, vitabu ambavyo mwanafunzi wa dini wa miaka 100 iliyopita alivihitaji kama mwanafunzi wa uhandisi anavyohitaji vyake leo.

Baadaye vikaja vitabu vilivyopigwa chapa Bombay na Cairo. Bei ikashuka, nakala zikawa nyingi, na hilo lilikuwa jema kwa msomaji. Lakini kuna kilichoondoka. Mji uliokuwa ukitengeneza vitabu ukawa mji wa kuvinunua tu, na uamuzi wa kitabu gani kitoke, kwa lugha gani na kwa bei gani ukahamia mbali. Chuo kikuu cha Kiafrika cha leo, kwa sehemu kubwa, kiko katika hali hiyo hiyo.

Kwa nini kitabu cha chuo ni ghali

Kitabu cha kiada ni kile ambacho somo zima hukitegemea: mhadhiri hukifuata sura kwa sura, na mtihani hutungwa humo. Biashara yake ina tabia yake pekee. Sokoni, anayechagua samaki ndiye anayelipa. Bei ikimzidi, humwendea muuzaji wa pili. Kwa kitabu cha kiada, mhadhiri ndiye anayechagua na mwanafunzi ndiye anayelipa. Mhadhiri mara nyingi hapati hata kuijua bei, na mwanafunzi hawezi kuchagua kingine kwa sababu mtihani umefungwa kwenye kile. Muuzaji aliye katika hali hiyo hana sababu ya kupunguza bei. Marekani, ambako hesabu hizi hufuatiliwa na serikali, bei za vitabu vya vyuo zilipanda kwa asilimia 88 kati ya Januari 2006 na Julai 2016.

Kwetu yanaongezeka mengine. Vitabu vingi vya sayansi, udaktari na uhandisi huagizwa kutoka nje, hulipiwa kwa dola au pauni, na shilingi ikidhoofika bei hupanda ingawa kitabu ni kile kile. Nchini Kenya, Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliviingiza vitabu katika kodi ya asilimia 16. Tangu Januari 2018 serikali imekuwa ikivipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma, lakini mpango huo unaishia sekondari. Kijana aliyekuwa na kitabu chake mwenyewe kidato cha nne anaingia chuo kikuu na kujikuta hana.

Mfikirie binti wa Siyu aliyepata nafasi Pwani University, Kilifi, au Technical University of Mombasa. Amevuka kwa boti hadi Lamu, akavuka tena hadi Mokowe, akapanda basi la siku nzima. Karo ameipatia njia, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ameuomba, chumba amekilipia kwa muhula mmoja. Mkopo ukichelewa, kitu cha kwanza kuahirishwa ni kitabu, kwa kuwa njaa haiahirishwi. Atakwenda maktaba akute nakala chache zinazogombewa na darasa zima. Atakwenda kwenye duka la kutoa kopi nje ya lango, atoe sura tatu, na hizo ndizo atakazozijua. Sura zilizobaki zitakuwa pengo katika elimu yake, na pengo hilo ataingia nalo kazini.

Kwa kifupi, hadi hapa:

- Kila kitabu kina mlipaji. Msomaji ni mmoja tu kati ya wanaoweza kulipa.
- Wakfu ulimwezesha mnakili kulipwa na msomaji asilipe.
- Bei ya kitabu cha kiada hupanda kwa urahisi kwa sababu anayechagua siye anayelipa.

Huria ni zaidi ya bure

Mwaka 2002, katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Paris, lilipatikana jina la kitu kilichokuwa kimeanza kujitokeza katika vyuo mbalimbali: rasilimali huria za elimu. Mwaka mmoja kabla, chuo cha MIT cha Marekani kilikuwa kimetangaza kwamba kitaweka mtandaoni, bila malipo, vifaa vya masomo yake. Rasilimali huria ni kitabu, zoezi, video, ramani au somo zima ambalo mwenye haki yake ametoa ruhusa, kwa maandishi, watu walitumie na hata walibadilishe. Tarehe 25 Novemba 2019 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo rasmi la kuzihimiza serikali zote kuunga mkono rasilimali za aina hiyo.

Neno kubwa hapa ni ruhusa. Sheria ya hakimiliki humpa mwandishi haki ya kuamua nani anakili kazi yake. Bila kusema lolote, haki zote hubaki kwake. Anayetaka kuifungua kazi yake huiambatisha na leseni huria, yaani tamko la kisheria linaloeleza kinachoruhusiwa. Zinazotumika zaidi ni za Creative Commons, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 2001. Leseni zake za kwanza zilitoka Desemba 2002. David Wiley, mmoja wa waasisi wa fikra hii, amezigawa ruhusa za kitabu huria katika tano:

1. Kukihifadhi: nakala ni yako, hainyakuliwi muhula ukiisha.
2. Kukitumia: darasani, nyumbani, katika kikundi cha kujisomea.
3. Kukirekebisha: kubadili mifano, kusahihisha, kutafsiri.
4. Kukichanganya: kuchukua sura ya kitabu hiki na sura ya kile, ukapata kitabu kinacholingana na somo lako.
5. Kukisambaza: kumpa mwenzako, au kukichapa na kukigawa.

Mwandishi bado ni mwandishi. Karibu leseni hizi zote humtaka mtumiaji amtaje. Baadhi hukataza biashara. Nyingine zina sharti ambalo mtu wa Siyu wa karne ya 19 angelielewa mara moja: anayekitohoa kitabu na kukitoa upya lazima aiachie kazi yake mpya uhuru ule ule. Kilichotolewa kwa watu hakirudi kuwa mali ya mmoja.

Kwa kipimo hicho, mengi tunayoyaita bure si huria. Kitabu kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp bila idhini ya mwenyewe ni cha bure kwa aliyekipokea, lakini chuo hakiwezi kukijengea somo, na mhadhiri hawezi kukitaja waziwazi. Majarida ambayo maktaba huyalipia ili wanafunzi wayasome ni msaada mkubwa, na maktaba za vyuo vya Kenya zilifanya jambo la busara kuungana katika umoja uitwao KLISC ili zijadiliane bei kwa pamoja; lakini mwanafunzi akihitimu, nywila yake hufungwa. Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka vitabu vya shule kwenye maktaba mtandao, mtoto wa popote anavisoma bila kulipa, na hilo ni la kushukuriwa. Hata hivyo kusoma ni ruhusa moja. Ruhusa ya kurekebisha ni nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito zaidi kwetu. Nitaeleza sababu hapo mbele.

Kazi ya mkutubi

Wakfu hauendi bila msimamizi. Kisima kisiposimamiwa hujaa mchanga, na kitabu kisiposimamiwa huliwa na mchwa. Msimamizi wa kitabu huria ni maktaba ya chuo kikuu, na katika miaka 15 hivi iliyopita maktaba kadhaa zimeonyesha jinsi kazi hiyo inavyofanywa.

Mwaka 2011 maktaba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, ilishirikiana na ofisi ya mkuu wa taaluma kuanzisha mpango ulio rahisi kuueleza. Mhadhiri anayekubali kuacha kitabu ghali na kuweka huria badala yake, au kuandika vifaa vyake mwenyewe, hupewa ruzuku ndogo. Ruzuku za mwanzo zilikuwa za dola 1,000. Kwa mhadhiri mmoja fedha hiyo si nyingi, na haifidii saa zote atakazokaa akipanga somo upya. Lakini igawe kwa darasa la wanafunzi 100: ni dola 10 kwa kila mmoja, tena mara moja tu, kwa sababu wa mwaka unaofuata hawadaiwi kitu. Hapo ndipo swali la mwandishi atakula nini linapopata jibu. Anakula kabla kitabu hakijatoka, kama mnakili wa wakfu.

Chuo Kikuu cha Minnesota kilishika upande mwingine. Mwaka 2012 kilifungua maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya kiada vilivyo huria, ambamo wahadhiri wa vyuo mbalimbali huandika tathmini zao kwa jina: kitabu hiki kina upungufu huu, sura ile imepitwa na wakati. Mwaka huo huo OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Texas, ilianza kutoa vitabu vya fizikia, sosholojia na masomo mengine ya mwaka wa kwanza. Viliandikwa na wataalamu waliolipwa, vikapitiwa na wenzao, na fedha zikatoka kwenye mifuko ya hisani. Mtandaoni havina bei.

Na Afrika? Johan Fagan, profesa wa upasuaji wa masikio, pua na koo katika Chuo Kikuu cha Cape Town, alihariri kitabu kizima cha kuelekeza upasuaji wa kichwa na shingo na kukitoa huria. Daktari aliye katika hospitali ya mkoa, mahali ambapo kitabu kama hicho kisingefika kwa bei ya soko, anakishusha kwenye simu na kukisoma kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Huko huko Afrika Kusini, vitabu vya hisabati na sayansi vya mradi wa Siyavula, vilivyo huria, vilichapwa na serikali na kugawiwa katika shule za umma mwaka 2012. Sijui jibu bora zaidi kwa anayeuliza kama kitu cha bure kinaweza kuwa kizuri. Ubora hutoka kwa waandishi, wahariri na wakaguzi; bei aliyotozwa msomaji haiuongezi wala haiupunguzi.

Kenya nayo haikuanza jana. Chuo Kikuu Mtandao cha Afrika, kilichojulikana kwa kifupi AVU na kuwa na makao Nairobi, kilizifungua mwaka 2011 moduli 73 za kufundishia walimu hisabati, fizikia, kemia, baiolojia na teknolojia ya habari. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipitisha sera ya kuufungua utafiti wake kwa umma, na hazina yake ya kidijitali, inayotunzwa na maktaba, ina tasnifu na makala ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Hatua hizo ni za kweli. Ila sehemu kubwa ya kinachowekwa kwenye hazina za vyuo vyetu ni utafiti, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hafundishwi kwa tasnifu. Anahitaji kitabu cha kiada.

Mkutubi anayetaka kuanza hahitaji jengo jipya. Anachukua orodha ya masomo yenye wanafunzi wengi zaidi, kwa mfano takwimu, uhasibu, baiolojia ya msingi. Anakaa na mhadhiri wa kila somo, wanatazama pamoja ni kitabu gani huria kinakaribia mtaala, wapi kinapungua, nani wa kuijazia sura inayokosekana. Anahakikisha leseni iko sawa. Anakiorodhesha kwenye katalogi kama anavyoorodhesha kitabu cha karatasi, maana kisichoorodheshwa hakitafutwi. Kila mwaka anarudi kukagua. Ni kazi ya subira, na vyuo vingi bado havijaihesabu kuwa kazi: mhadhiri aliyeandika makala moja katika jarida hupanda cheo, na aliyeandika kitabu huria kinachosomwa na madarasa kumi haongezewi alama hata moja. Hilo lazima libadilike, na wa kulibadilisha ni seneti za vyuo.

Mtandao ukikatika

Kuna pingamizi ambalo watu wa visiwani hulitoa wakiwa na haki kamili. Unasema kitabu kiko mtandaoni, data je? Umeme je? Kijana aliyerudi Siyu kwa likizo, mwenye bando la shilingi 20, hawezi kushusha kitabu cha kurasa 900 chenye picha za rangi.

Hapa ndipo ruhusa ya kukihifadhi na kukisambaza inapoonyesha kazi yake. Kitabu huria si lazima kisomwe mtandaoni. Maktaba inaweza kukijaza kwenye flashi siku moja kabla ya likizo, na mwanafunzi akasafiri na vitabu vya mwaka mzima mfukoni. Zipo programu kama Kolibri na Kiwix zilizotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti: kompyuta moja ndogo hubeba maelfu ya masomo na kuyagawa kwa simu zilizo karibu, bila bando. Kompyuta hiyo inaweza kukaa katika shule ya Siyu, Faza au Kizingitini. Pia kitabu kinaweza kuchapwa. Mwenye duka la kopi nje ya lango, ambaye leo ananakili sura kwa wasiwasi, anaweza kuchapa kitabu kizima kilichoruhusiwa, akakifunga na kukiuza kwa gharama ya karatasi na faida yake ya halali, pale ambapo leseni haizuii biashara. Pwani ilikuwa na wafunga majalada kabla haijawa na mashine za chapa.

Kitabu kinachoongea lugha yako

Nilisema ruhusa ya kurekebisha ina uzito zaidi kwetu. Tazama zile moduli 73 za AVU. Zilitolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili, lugha ambayo Afrika Mashariki nzima inasalimiana nayo, hakikuwamo. Leseni yake ni huria, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuomba idhini ili kuzitafsiri. Kinachokosekana ni mtu aliyelipwa kukaa na kuifanya kazi hiyo.

Inapofanywa, matokeo huonekana haraka. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ulioanza kutoa hadithi za watoto mwaka 2014, huruhusu mtu yeyote kutafsiri na kutohoa hadithi zake, na leo zipo kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nyingi za Kenya. Yaliyowezekana kwa mtoto wa darasa la kwanza yanawezekana kwa mwanafunzi wa ualimu au uuguzi. Si lazima kitabu kizima kigeuzwe. Anza na faharasa ya istilahi kwa Kiswahili mwishoni mwa kila sura. Badilisha mifano: tatizo la takwimu linalozungumzia mchezo wa besiboli lizungumzie uzito wa kamba waliovuliwa Kizingitini. Baiolojia ya misitu ieleze mikoko. Mwanafunzi wa kisiwa cha Pate anaijua mikoko kwa majina, anajua upi hutoa boriti na upi huwafaa mafundi wa vyombo. Kitabu kinachoanzia hapo kitamfikisha mbali.

Kuna upande wa pili, ambao hausemwi vya kutosha. Pwani haikosi cha kutoa. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye utendi ambao ulinakiliwa kwa mkono mara nyingi kabla Alice Werner na William Hichens hawajautoa kitabuni mwaka 1934. Mwandishi alifariki zaidi ya miaka 150 iliyopita. Hakuna hakimiliki iliyobaki juu ya maneno yake. Tungo nyingi za aina hiyo ziko katika maktaba za vyuo vikuu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inatunza hati za Kiswahili na Kiarabu zilizoorodheshwa na J. W. T. Allen katika katalogi ya mwaka 1970. SOAS ya London ina hazina kubwa ya hati za Kiswahili. Hati za Riyadha zimepigwa picha kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na mtu mwenye intaneti anaweza kuzitazama bila kulipa.

Picha ya ukurasa wenye herufi za Kiarabu lakini haijawa kitabu cha kiada. Mwanafunzi wa fasihi anahitaji maandishi yaliyogeuzwa kwa herufi za Kilatini, maelezo ya msamiati wa lahaja za Kiamu na Kipate, habari za mtunzi na zama zake, na maswali ya kujadili. Wanaoweza kuifanya kazi hiyo wapo: wamo katika idara za Kiswahili, na wamo mitaani Lamu, Siyu na Pate, wazee wanaolijua neno ambalo profesa analikisia tu. Chuo kikiwaleta pamoja, kikawalipa wote wawili, kisha kikautoa utendi huo kwa leseni huria, mwanafunzi wa Kilifi atausoma, wa Kampala atausoma, na wa Muscat pia.

Nani ailipie pwani?

Chuo kikuu kinaweza kutenga sehemu ndogo ya bajeti ya vitabu kila mwaka iwe ruzuku kwa wahadhiri wanaoandika huria. Kaunti ya Lamu, inayotoa basari, inaweza kukumbuka kwamba basari humsaidia mwanafunzi mmoja kwa muhula mmoja, na kitabu kimoja huria huwasaidia wote watakaolisoma somo hilo. Bunge linaweza kuiondoa kodi ya vitabu. Na wapo watu wenye mali, hapa nyumbani na huko Ghuba, wanaojenga misikiti na kuchimba visima kila mwaka na kuandikiwa thawabu zao. Kwao nina ombi la moja kwa moja: nenda kwa mkutubi wa chuo kilicho karibu nawe, muulize ni somo gani lina wanafunzi wengi na halina kitabu, ulipie kitabu hicho kiandikwe, kihaririwe, kiwekewe leseni huria. Ukurasa wa kwanza uandikwe jina la unayetaka kumkumbuka, na chini yake yaandikwe maneno ambayo wanakili wa pwani hii waliyajua: hiki ni wakfu, hakiuzwi.